Kwani sisi hatuwezi? Neno ‘uwezeshaji’ na akina mama wa mashinani

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwetu Makueni kuhudhuria hafla ya kikundi cha akina mama ambacho shangazi yangu ndiye mwekahazina wake. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, na nyuma ya meza ya wageni kulikuwa na bango kubwa lililoandikwa: ‘Uwezeshaji wa Wanawake Mashinani’. Wageni walichelewa kwa saa tatu. Tulipokuwa tukiwasubiri, shangazi aliniinamia akaninong’oneza: “Mwanangu, wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili. Hilo neno la kwanza maana yake ni nini?”

Nilimweleza jinsi ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Kitenzi ni ‘weza’. Ukikitia katika kauli ya kutendesha unapata ‘wezesha’, yaani kumfanya mtu aweze. Kutokana na ‘wezesha’ tunaunda nomino ‘uwezeshaji’. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. “Kumfanya mtu aweze? Kwani sisi hatuwezi?”

Nami nilicheka. Niliona ni utani wa mama wa kijijini aliyechoka kukaa juani. Imenichukua muda mrefu kutambua kwamba lile lilikuwa swali la kiisimu, tena zito kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na kwamba jibu langu halikumtosheleza hata kidogo.

Hebu tuanze na kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili cha pwani, hasa cha wazee, ukimjulia mtu hali ukaambiwa ‘hawezi’, hukuulizi tena hawezi nini. Unajua kwamba ni mgonjwa, na unakwenda kumtazama. Ndiyo maana pia tuna wale tunaowaita ‘wasiojiweza’. Asiyeweza, katika lugha hii, ni mtu aliyelala. Kwa hivyo tunaposema kwamba akina mama wa kijiji fulani ‘wamewezeshwa’, sentensi yetu imebeba dai ambalo halikutamkwa: kwamba kabla ya mfadhili kufika, walikuwa hawawezi.

Sisemi kwamba ‘wezesha’ ni neno baya. Daraja huwawezesha watoto kuvuka mto hadi shuleni, na hakuna anayedhani kwamba watoto hao walikuwa hawana miguu. Lakini tazama kwamba katika sentensi hiyo kuna kitenzi cha pili: kuvuka. ‘Weza’ ni kitenzi kinachoomba mwenzake. Mtu huweza kulima, huweza kusoma, huweza kukataa. Katika ‘uwezeshaji wa wanawake’ kitenzi hicho cha pili kimetoweka. Waweze nini? Bango halisemi, hotuba hazisemi, na sisi waandishi hatuulizi.

Tena kuna jambo lililopotea njiani wakati wa kutafsiri. Neno la Kiingereza tulilokuwa tukilifuata, ‘empowerment’, lina nguvu na mamlaka ndani yake. Sisi tulichagua uwezo. Mamlaka na uwezo si kitu kimoja. Mama anayeamka alfajiri, akateka maji, akalima, akauza ndizi sokoni na kumlipia mtoto karo ana uwezo wa kutosha, na pengine anatuzidi wengi wetu tunaomwandikia makala. Asichokuwa nacho ni mamlaka: juu ya shamba analolima, juu ya fedha anazozitafuta, juu ya karatasi anayotiwa wino kidoleni ili aibandike alama ya gumba. Tumeyatafsiri mamlaka kuwa uwezo, kisha tukaanza kugawa uwezo kwa watu wenye uwezo, na mamlaka yakabaki palepale yalipokuwa.

Sarufi ya magazeti yetu imeusaidia mchezo huu. Soma vichwa vya habari kuhusu wanawake wa mashambani. Wanawake huhimizwa, huhamasishwa, hunufaishwa, hutengewa, hupokezwa. Mara chache sana watakuwa watenda wa tendo lolote. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua tofauti ya kiima na shamirisho. Katika habari zetu, kiima ni mheshimiwa au shirika, na mama wa kijijini ni shamirisho. Akipandishwa cheo akawa kiima, basi kitenzi kitakuwa katika kauli ya kutendwa, kwa hivyo hata hapo hatendi, anatendewa.

Halafu kuna ule msemo tunaoupenda kuliko yote: ‘kupigwa jeki’. Akina mama wapigwa jeki kwa mizinga ya nyuki. Akina mama wapigwa jeki kwa vifaranga. Jeki tunaijua. Gari likipasukiwa na gurudumu, fundi hulitia jeki likainuka. Lakini gari lililo juu ya jeki haliendi popote, na anayeliteremsha ni yule yule aliyelipandisha. Sidhani kama aliyeubuni msemo huu alikusudia kejeli, ila sijaona picha iliyo ya kweli zaidi kuhusu miradi mingi ninayoijua.

Sasa nirudi kwenye ile hafla, kwa sababu kuna jambo sijalisema, nalo ndilo linaloniumiza. Maneno yale ya bangoni niliyatafsiri mimi. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, rafiki yangu aliniletea kazi ndogo ya shirika moja la mikopo: kaulimbiu, na kijikaratasi cha kurasa nne chenye picha za akina mama wakitabasamu. Nilifanya kazi kwa uangalifu, nikalipwa, nikashukuru. Sikujua kwamba kilikuwa kinaelekea kijijini kwetu. Aidha, sikuuliza kama kulikuwa na karatasi nyingine.

Ilikuwapo. Mkataba wa mkopo ulikuwa kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja, na haukutafsiriwa na mtu yeyote. Afisa alieleza kwa mdomo kiasi cha mkopo, riba na siku ya marejesho, akina mama wakatia sahihi na alama za gumba, picha zikapigwa. Katika ukurasa mmojawapo iliandikwa kwamba kila mwanakikundi ni mdhamini wa wengine wote, na kwamba akiba yote ya kikundi, ile ya sasa na ile ya awali, ni sehemu ya dhamana. Misimu miwili mfululizo mvua haikunyesha. Wanachama wanne kati ya ishirini na wawili walishindwa kulipa. Akiba ya miaka tisa, iliyokusanywa shilingi hamsini hamsini chini ya mwembe, ikachukuliwa. Shangazi, kwa kuwa alikuwa mwekahazina na alijiona mwenye lawama, aliuza mtamba wake kuwafidia wajane wawili.

Dawa ya deni ni kulipa, na siwatetei wanaokimbia madeni. Kudhaminiana nako si dhambi. Akina mama wamedhaminiana tangu zamani. Nilipokwenda kumpa pole, shangazi hakulalamikia riba wala ukame. Aliniambia neno moja tu. “Kile kikaratasi chenye picha nilikisoma chote, hata nikawasomea wenzangu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Mbona kile kingine hamkukiandika hivyo?”

Wapenzi wa lugha, hapo ndipo ninapoona kosa letu. Sifa hutafsiriwa, masharti hayatafsiriwi. Kiswahili hupewa kazi ya kupamba mlango, na Kiingereza hukaa ndani na funguo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi iliyo rasmi kwa mabango peke yake ni urasmi gani?

Kuna watakaosema, kama walivyokwisha kuniambia, kwamba Kiswahili hakina msamiati wa fedha na sheria. Nawaalika wakae katika mkutano mmoja wa chama cha akina mama. Watasikia akiba, hisa, riba, mdhamini, rehani, faini, marejesho, mzunguko. Watanzania wana upatu. Kamusi zetu za zamani zina ‘kikoa’, utaratibu wa watu kula pamoja kila mmoja akitoa kwa zamu yake. Msamiati upo, na wanaoutumia kila Alhamisi alasiri ni hao hao tunaosema kwamba hawataelewa.

Zaidi ya msamiati, yapo maarifa. Kabla ya mtu yeyote kuja na mradi, Wakamba walikuwa na mwethya, kundi la majirani linaloitwa kumsaidia mmoja wao kulima, kujenga au kuvuna, naye akawalisha. Wakikuyu wana ngwatio, Waluo wana saga, Abagusii wana risaga. Katika miaka ya sitini na sabini, wanawake wa sehemu za Kati walichanga fedha kwa zamu kununua mabati ya kuezekea nyumba zao, hadi vikundi hivyo vikaitwa vikundi vya mabati. Hakuna aliyewapiga jeki. Waliinua paa wenyewe, nyumba moja baada ya nyingine.

Kwa hakika mwethya una funzo la pande mbili. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuzuia mmomonyoko wa udongo Machakos katika miaka ya 1940 na 1950, ilianza kwa kulazimisha watu, na baadaye ikauazima utaratibu wa mwethya kuchimba matuta. Wengi wa waliochimba walikuwa wanawake. Huko Murang’a, mwaka 1948, wanawake walioshurutishwa kuchimba matuta kama hayo walikataa na kuandamana. Kwa hivyo jina la kienyeji peke yake halimkomboi mtu. Kazi iliyoitishwa na jirani na kazi iliyoitishwa na bwana shauri ni kazi mbili, hata zikiitwa jina moja. Swali ni lile lile la sarufi: ni nani anayeitisha, na ni nani anayeitishwa?

Hata hivyo, kazi hiyo ilizaa neno ninalojivunia. Aina mojawapo ya matuta hayo, ambapo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, huitwa ‘fanya juu’. Leo ukifungua vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo utalikuta neno hilo limeandikwa hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Wataalamu wa dunia walilazimika kuazima kutoka kwa watu wa jembe. Na tazameni kitenzi chake: fanya. Hakuna kuwezeshwa hapo.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wengi wetu ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na hapo vuguvugu la Green Belt likaanza. Katika kitabu chake Unbowed cha 2006 anasimulia jinsi wataalamu wa misitu walivyoshangaa kwamba wanawake wa vijijini wangeweza kuotesha miche bila diploma. Wanawake wakaotesha, wengine wakitumia vyungu vilivyovunjika, wakavitundika mahali ambapo kuku na mbuzi wasingefika. Maathai akawaita wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Semina ambazo vuguvugu hilo liliziendesha vijijini ziliitwa ‘kwimenya’, neno la Kikuyu lenye maana ya kujijua. Kiambishi hicho kina uzito. Ni kile kile cha ‘-ji-’ katika Kiswahili, kinachomfanya mtenda na mtendwa wawe mtu mmoja. Katika semina hizo Maathai alipenda kutumia mfano wa abiria aliyepanda basi lisilo lake. Kwa nini mtu hupanda basi la makosa? Kwa sababu hakuuliza, au aliogopa kuuliza, au hakujua kusoma kibao, au alidanganywa na utingo. Ajabu ni kwamba kundi la shangazi yangu liliingia katika basi la makosa wakati kibao kilikuwa kimeandikwa vizuri kabisa, na mwandishi wa kibao ni mimi.

Yaliyo kweli kwa akina mama ni kweli pia kwa jamii ndogo za nchi hii, na kwao kosa la lugha huanzia kwenye jina lenyewe. Kwa miaka mingi Waogiek wa msitu wa Mau waliitwa Wadorobo, jina lililotokana na Kimaasai kwa maana ya maskini asiye na ng’ombe. Mtu anayeishi kwa asali na mawindo aliitwa kwa kitu asichokuwa nacho. Jina hilo liliingia katika maandishi ya serikali, na Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, katika ripoti yake ya miaka ya 1930, ikapendekeza watu hao wamezwe na makabila makubwa yaliyowazunguka. Aliyeitwa asiye na kitu akaonekana hana hata haja ya ardhi yake.

Waogiek walipofika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha, mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa ni kama wao ni jamii iliyo tofauti na nyingine. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba ni jamii asilia, na kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Mwaka 2022 ikatoa uamuzi kuhusu fidia. Uamuzi ni kitu kimoja na utekelezaji ni kingine, lakini hebu linganisheni. Hakuna mwongo wa mabango ya uwezeshaji uliowahi kuwapa Waogiek kile walichojipatia kwa kusimama mahakamani kwa jina lao wenyewe. Kwa nini basi waandishi wetu bado huandika ‘Wadorobo’ na ‘Waboni’, wakati wenyewe wanajiita Waogiek na Waaweer? Wapwani waliokuwa wakiitwa Wanyika, watu wa porini, waliliacha jina hilo wakajiita Wamijikenda, na leo hakuna mhariri anayethubutu kuwarudisha nyikani.

Nisije nikaonekana ninakitakasa Kiswahili. Kwa nyanya wa Kirendille huko Marsabit asiyejua ila lugha yake, mkataba wa Kiswahili sanifu unaweza kuwa mgeni kama ule wa Kiingereza. Kifungu hicho hicho cha 7 kinaitaka serikali ilinde na kukuza lugha za kiasili za Wakenya. Kiswahili kikidai haki yake mbele ya Kiingereza, lazima kiwe tayari kudaiwa na Kirendille. Lakini pia kipo Kiswahili ambacho watu wamejichagulia. Wanawake wa Kisamburu waliokimbia ukatili na kuanzisha kijiji chao karibu na Archers Post mwaka 1990, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, walikiita Umoja. Waliliazima neno la Kiswahili kwa hiari yao, wakalipa kazi wanayoitaka wao.

Wala sipuuzi fedha. Hazina ya Wanawake iliyoanza mwaka 2007 na Hazina ya Uwezo iliyofuata zimewafaa watu ninaowajua. Maneno hayajazi chungu. Lakini chungu kikishajaa, maneno ndiyo huamua ni nani atakayepakua.

Basi nipendekeze machache, maana mkosoaji asiyependekeza ni mpita njia. Wanaotoa mikopo na misaada waanze kutafsiri masharti kabla ya kaulimbiu. Wakiwa na fedha za karatasi moja tu, iwe mkataba. Usomwe kwa sauti mbele ya kikundi, katika lugha ya kikundi, na maswali yaulizwe siku moja kabla ya siku ya sahihi. Sisi waandishi tuwarudishe wanawake katika nafasi ya kiima: wamenunua, wamekataa, wamekopa, wamelipa, wameshtaki. Tuziite jamii kwa majina yao. Na tunaofasiri kwa malipo, kabla ya kupokea kazi ya kijikaratasi chenye picha, tuulize kama ipo karatasi nyingine.

Mwaka jana kikundi cha shangazi kilitembelewa tena, na shirika tofauti. Niliombwa nifike. Fomu ilikuwa kwa Kiingereza, kama kawaida. Afisa, kijana mwenye adabu, aliwaomba akina mama wasogee ili wapigwe picha kabla jua halijawa kali. Shangazi hakuinuka. Aliichukua ile fomu mezani, akanipa mimi, akamwambia kijana: “Keti kwanza, mwanangu. Huyu atusomee. Picha tutapiga tukielewa.”

Nilisoma kwa muda wa saa moja na nusu, nikitafsiri kila kifungu. Walikataa viwili. Kijana alivichukua akaenda kuwauliza wakubwa wake.